Kishonanguo: gugu la kingo za shamba lako ni dawa ya jirani yako

Wiki hii nilipanga tuendelee na mada yetu ya kitalu cha nyanya, ila nimeisogeza mbele kidogo. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu msimu uliopita, na kwa kuwa nusu yenu sasa hivi mna mabomba mgongoni, naona lisisubiri.

Linahusu kishonanguo. Ndiyo, hilo hilo gugu linalong'ang'ania suruali yako ukitoka shambani.

Huku kwetu Lushoto kuna kijana amekodi ekari moja na nusu bondeni, analima nyanya za kupeleka mjini. Mchapakazi, anaandika hesabu zake kwenye daftari, ukimshauri anafuata. Msimu uliopita alipata thiripsi. Nilimtembelea, nikaangalia, nikamwambia apulize, na nikasisitiza asisahau kingo za shamba, maana wadudu wanajificha kwenye magugu halafu wanarudi kwenye nyanya. Kingo zake zilikuwa zimejaa kishonanguo kinachofika kiunoni. Akapuliza jioni, vizuri kabisa, kipimo sahihi, nguo za kujikinga amevaa.

Asubuhi yake akiwa anafungua maji akamuona bibi mmoja wa pale jirani, ameinama pembeni mwa shamba na kikapu chake, anachuma. Kijana alikuwa upande wa pili wa mfereji. Akapaza sauti:

"Shikamoo bibi! Hapo pana dawa!"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo, ndiyo niliyoifuata."

Akaendelea kuchuma. Kijana naye akaendelea na maji yake, akijua ameshamtahadharisha.

Bibi alikuwa na mjukuu wa miaka minne, tumbo linamsumbua tangu usiku. Alifika nyumbani, akatwanga majani, akakamua, akampa mtoto robo kikombe. Ndivyo alivyowafanyia watoto wake wote, na mama yake ndivyo alivyomfanyia yeye. Haikupita saa moja mtoto akaanza kutoka jasho, mate yanamtoka mdomoni hayakatiki, anatapika, anaharisha, misuli inatetemeka. Wakambeba mpaka zahanati, zahanati wakamkimbiza hospitali. Mungu saidia waliompokea walimtazama macho, wakaona mboni zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, wakajua hiyo ni sumu ya wadudu. Alichomwa sindano, akalazwa, akarudi nyumbani siku ya tatu.

Kijiji kizima kikasema bibi kamlisha mtoto majani ya ajabu. Kwa wiki mbili mama wa watu hakuonekana hata kisimani. Kijana aliposikia habari ndipo akaunganisha. Alikuja kwangu na chupa tupu mkononi, hakusema kitu, akaiweka mezani.

Tulikwenda wote wawili kwa bibi. Nilimweleza kwamba majani hayakuwa na kosa, kosa ni kilichokuwa juu ya majani, na aliyeshauri kipulizwe pale ni mimi. Akanyamaza kidogo, halafu akamgeukia kijana: "Kwa hiyo na hiyo na nyinyi mnaiita dawa?"

Sikuwa na jibu zuri. Miaka yote niliyofanya kazi hii nimesema "piga dawa", "dawa ya wadudu", "dawa ya magugu", "subiri siku za dawa". Anayekwenda duka la pembejeo anaomba dawa. Anayekwenda porini kuchimba mizizi anatafuta dawa. Neno moja, na pale pembeni mwa shamba lile lilikutana lenyewe kwa lenyewe. Kijana alimuonya bibi kwa Kiswahili safi, na bibi akamuelewa kwa Kiswahili safi.

Basi leo nataka tulijue hili gugu vizuri, kwa upande wa wanaolitumia, halafu tuone wewe mwenye shamba unafanyaje.

Ni lipi hasa

Kitaalamu linaitwa Bidens pilosa, na kwenye lebo nyingi za viuagugu utakuta limeandikwa black jack. Wasambaa tunaliita mbwembwe, Waganda ssere, Wakikuyu mucege. Ni ukoo mmoja na alizeti na pareto. Ua lake ni dogo, katikati njano, mara nyingi pembeni lina petali nyeupe chache. Majani yanatoka mawili mawili yakitazamana kwenye shina, na kila jani limegawanyika vipande vitatu au vitano vyenye meno meno. Likikomaa linatoa vile visindano vyeusi vyenye ncha mbili au tatu zenye miiba ya kunasa. Hizo ncha ndizo zilizolipa jina: bidens kwa Kilatini ni meno mawili.

Wengi wanafikiri ni mmea wa hapa hapa tangu zamani. Kumbe asili yake ni Amerika ya kitropiki. Umesambaa dunia nzima kwa kung'ang'ania nguo, manyoya ya wanyama na magunia ya nafaka. Hata hivyo umekaa Afrika muda wa kutosha kila kabila likaupa jina na kazi yake, na kazi zenyewe ni nyingi kuliko nilivyodhani kabla sijaanza kuuliza.

Wazee wanautumia kwa nini

Ya kwanza ni majeraha. Hii nadhani hata wewe umewahi kuiona. Mtu amejikata na jembe au panga, anachuma majani machanga, anayafikicha viganjani mpaka yatoe maji ya kijani, anayabandika kwenye kidonda na kubana. Damu inapungua kutoka. Uganda wanafanya hivyo hivyo, na huko pia maji yake wanadondosha kwenye sikio linalouma na majani yaliyochemshwa wanakunywa kwa ajili ya kichwa. Mimi kwenye mkato mdogo sina ugomvi nayo, ilimradi kidonda kimeoshwa kwanza kwa maji safi na sabuni na majani nayo yameoshwa. Lakini jembe likiingia mguuni mpaka nyama inaonekana, hapo usifikiche kitu. Udongo wenye samadi una vijidudu vya pepopunda, na pepopunda haizuiwi na jani, inazuiwa na sindano.

Ya pili ni tumbo. Hapa ndipo bibi yetu alipokuwa, na hayuko peke yake. Karibu kila mahali mmea huu unapoota Afrika utakuta mtu anaunywa kwa ajili ya tumbo: kujaa gesi, kuharisha, msokoto. Wengine wanachemsha mmea mzima na mizizi yake, wengine wanakamua mabichi. Wazulu wa Afrika Kusini huchanganya unga wa majani na maji wakautumia kwa njia ya haja kubwa. Ivory Coast wanautumia kwa kuhara damu na ugonjwa wa manjano.

Wagiriama wa pwani ya Kenya huwapa watoto waliovimba bandama. Hii nimeitafakari sana. Sehemu yenye mbu wengi kama pwani, mtoto mwenye bandama kubwa mara nyingi ni mtoto mwenye malaria ya kujirudia. Kwa hiyo wazee waliona tatizo la kweli, waliligusa kwa mkono, wakatafuta jani. Leo tuna kipimo cha malaria kinachotoa majibu ndani ya dakika 20 zahanati. Kipime kwanza, halafu mengine yafuate.

Macho ndipo ninapokataa kabisa. Wapo wanaokamua maji ya kishonanguo kwenye jicho jekundu. Usifanye, na ukimuona mtu anafanya mkataze kwa heshima. Maji ya jani lililochumwa pembeni ya shamba yana vumbi, yana vijidudu, na kama nyanya zako ziko jirani yana kitu kibaya zaidi. Jicho halina spea.

Nje ya Afrika nako hawajalala. Brazili wanaliita picão-preto, na watoto wachanga wenye manjano huogeshwa kwa maji yake. Mwaka 2009 wizara ya afya ya huko ilitoa orodha ya mimea 71 ya kufanyiwa utafiti ili itumike kwenye huduma za afya za serikali, na hili gugu letu limo. Taiwan wanalikausha na kulinywa kama chai, wengine kwa ajili ya kisukari.

Halafu kuna matumizi ambayo hayaitwi dawa ingawa bibi hatenganishi: mboga. Majani machanga kabla ya kutoa maua yanachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa kupunguza ukali, halafu yanaungwa na karanga au kuchanganywa na mchicha na mnavu. Mwezi wa kiangazi mboga za bustani zikiadimika, hii ipo. Kwa hiyo unaposema "ni gugu tu" kumbuka kuna nyumba jirani yako inapata chakula cha jioni pale.

Maabara wanasemaje

Nitakuwa mfupi. Ndani ya mmea huu kuna kemikali za kundi la poliasetilini, na mojawapo huua bakteria na kuvu, hasa ikipigwa na mwanga wa jua. Kuna flavonoidi pia, ambazo zinasaidia kupunguza uvimbe. Watafiti wa Taiwan walitoa kemikali moja kwenye mmea huu ikashusha sukari kwa panya wenye kisukari, na Brazili wameupima dhidi ya vimelea vya malaria kwa panya. Yaani wazee hawakuota ndoto. Lakini kazi kubwa imefanyika kwenye vyombo vya maabara na kwa panya, na kutoka hapo mpaka kumwambia mama mwenye kisukari anywe vikombe vingapi ni safari ndefu. Tena kama jani linashusha sukari kweli, basi mgonjwa anayetumia vidonge vya kisukari akaongeza na jani anaweza kushuka kupita kiasi akaanguka. Kama nyumbani kuna mzee wa namna hiyo, amwambie daktari wake kila anachokunywa, bila aibu. Wajawazito nao wakae mbali nalo.

Sasa shamba lako linaingiaje

Hapa ndipo nataka unisikilize wewe unayelima biashara.

Bibi zetu walijifunza kutumia kishonanguo wakati kingo za shamba hazina kitu chochote juu yake zaidi ya umande. Ujuzi wao ulikuwa sahihi kwa shamba lile. Shamba limebadilika, tumelibadilisha sisi, na hatukuwaambia. Wewe una nyanya, kabichi, karoti, hoho. Unapuliza kila wiki, mvua ikizidi unapuliza mara mbili. Upepo unabeba. Pua ya bomba ukiishusha vibaya nusu ya mchanganyiko inaenda kwenye kingo hata kama hukukusudia. Na kwenye nyanya yako unahesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna kwa sababu mnunuzi atakuuliza. Nani anahesabu siku za kusubiri za kishonanguo?

Usijidanganye kwamba akichemsha itaisha. Viuatilifu vingine vinapungua kwa moto, vingine havijali. Na dawa ya tumbo kama ile ya bibi hata haichemshwi.

Lipo lingine ambalo wengi hamlijui. Kishonanguo ni hodari wa kunyonya madini mazito kutoka kwenye udongo, hasa kadimiamu, na kuyapandisha mpaka kwenye majani. Watafiti wa China wamekiweka kwenye kundi la mimea inayoweza kutumika kusafisha udongo uliochafuka. Ni sifa nzuri kama unataka kusafisha udongo, ni balaa kama unataka kunywa majani. Kwa hiyo kile kilichoota kando ya barabara kuu, karibu na gereji, dampo, mahali betri zilipotupwa, au kwenye machimbo ya dhahabu, mtu asikiguse kwa ajili ya mdomo. Kinaweza kuwa kimestawi kijani kibichi kizuri kuliko cha shambani. Uzuri wake usikupe moyo.

Wapo mtakaosema: bwana shamba, basi tukiue chote yaishe. Hebu tuongee kama wakulima. Ni kweli kinakusumbua. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu 3,000 mpaka 6,000, kinatoka ardhini mpaka kinatoa maua ndani ya miezi miwili hivi, na mbegu zilizobaki ardhini zinaweza kuota baada ya miaka mitatu au zaidi. Kinahifadhi minyoo fundo wa kwenye mizizi. Kinahifadhi thiripsi na virusi vya nyanya wanavyobeba. Kwa mkulima wa nyanya kukiachia kitande ndani ya shamba ni uzembe, siwezi kukutetea.

Ila kukimaliza kwa kupuliza ni ndoto. Kwenye kahawa kule Kenya kuna kishonanguo kilichoripotiwa kugomea parakwati, na Brazili kipo kilichogomea viuagugu vya kundi jingine kabisa. Ukipiga kiuagugu kile kile kila msimu, unachobakiza ni watoto wa wale waliopona. Kinachokishinda ni cha kizamani: jembe kabla hakijatoa ua. Mche uliong'olewa ukiwa na majani tu unauacha pale pale unakuwa matandazo. Mche wenye visindano vyeusi unautoa nje na kuuchoma, maana ukiuacha umeupanda. Weka matandazo mazito kati ya mistari, mbegu zake hazipendi kufunikwa. Na kabla hujatoka shamba lenye visindano kuingia lililo safi, kaa chini ujitoe nguoni. Inachosha, najua. Dakika kumi za kujichambua suruali ni nafuu kuliko palizi mbili za ziada.

Kwa hiyo ndani ya shamba, jembe. Kwenye kingo ndiyo mjadala wetu, kwa sababu ndani ya shamba lako bibi haingii. Kingoni ndiko anakochuma, na kwa mila zetu kuchuma mboga za majani kingoni hakuombi ruhusa.

Baada ya mkasa ule, mimi na yule kijana tulikaa tukapanga, na nawapa mpango wenyewe jinsi ulivyo, mtaurekebisha kwa mazingira yenu.

Kwanza aliacha kupuliza kingo. Badala yake anafyeka na kung'oa mita mbili kuzunguka shamba, hakuna jani la kuficha thiripsi na hakuna jani la kuchuma. Hii ilimgharimu vibarua wawili siku moja, na akaniambia ile sumu aliyokuwa anaimwaga kingoni nayo alikuwa anainunua.

Pili alipanda mabingobingo upande wa chini na upande unaotoka upepo. Yanazuia upepo kubeba mchanganyiko, yanashika udongo wa kontua, na ng'ombe wa jirani anapata majani, ila hayakatwi kwa ajili ya mifugo mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe.

Tatu, na hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote, alibadilisha neno. Hasemi tena "nimepiga dawa". Anasema "nimepiga sumu". Siku ya kupuliza anapita nyumba tatu zinazopakana naye, anapiga hodi, anasalimia wakubwa, anasema: "Bibi, leo napiga sumu kule chini, tafadhali kusichumwe chochote mpaka nije kukwambia mwenyewe." Halafu anarudi kusema siku ikifika. Kuna kitambaa chekundu anafunga kwenye fito kila kona, lakini anasema wazee wengi wanaangalia chini wanapochuma, hawaangalii fito. Kitambaa ni nyongeza. Hodi ndiyo tahadhari.

Na tafadhali, mfundishe na kibarua wako. Mara nyingi anayepuliza si wewe, na yeye ndiye anayeulizwa na wapita njia.

Kabla sijasahau: soma rangi ya ukanda ulio chini ya lebo. Nyekundu ni hatari sana, inafuata njano, halafu bluu, halafu kijani. Kama unalima karibu na makazi na unaweza kupata kiuatilifu cha kijani kinachofanya kazi hiyo hiyo, lipa zaidi kidogo ukichukue. Na likitokea la kutokea, mtu amekula au amekunywa kitu kilichopulizwa, usimtapishe kwa kidole na usimpe maziwa kama tulivyozoea. Mvue nguo zilizochafuka, muoshe ngozi kwa sabuni, mkimbize kituo cha afya, na beba chupa yenye lebo. Lebo hiyo ndiyo inayomwambia daktari atumie nini. Kwa yule mtoto wetu chupa ilibaki shambani, walikisia kwa kutazama macho. Si kila siku utabahatika kukuta mwenye jicho hilo.

"Bwana shamba, kinauzika?"

Nilijua swali hili litakuja, maana nimeshaulizwa na watatu tangu nilipoanza kuligusia kwenye mikutano.

Kinauzika, lakini punguza moto. Wapo waganga na wauza miti shamba wanaonunua majani makavu, na wapo wanaotengeneza chai. Ni soko la mafungu, si la tani. Ukitaka kulijaribu, lisitoke kingoni mwa nyanya. Tenga kipande ambacho hakijaguswa na viuatilifu, upande wa juu wa mteremko ili maji ya shamba yasishuke kwako, mbali na barabara. Chuma machanga kabla ya maua, osha, anika kivulini penye upepo mpaka jani likisagwa mkononi linavunjika, hifadhi pakavu. Likishika ukungu tupa lote, usichague chague. Chuma visindano visikomae, la sivyo majirani watakushtaki na watakuwa na haki.

Na usiandike kwenye pakiti kwamba linatibu kisukari, presha na nguvu za kiume. Tiba asili hapa Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2002 na ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na dawa inayouzwa inatakiwa ipite huko. Mkulima auze malighafi safi kwa aliyesajiliwa. Kutangaza tiba mwachie mwenye cheti.

Kwa wafugaji wa kuku nina habari ya kufurahisha zaidi. Taiwan walichanganya kiasi kidogo cha unga wa kishonanguo kwenye chakula cha kuku walioambukizwa ule ugonjwa wa kuhara damu, koksidiosisi, na kuku wale walipona vizuri kuliko wasiopewa, vidonda vya utumbo vikapungua. Huku kwetu akina mama walikuwa tayari wanawakatia vifaranga na sungura. Mimi nisingekushauri uache amproliamu yako kwa sababu ya hili, kundi la kuku 300 si la kujaribia. Lakini kuning'iniza fungu la majani safi bandani, yasiyo na sumu, kuku wadonoe, hakuna hasara. Weka banda kavu tu, maana unyevu wa matandiko ndio mama wa ugonjwa ule.

Narudi kwa bibi. Kile kipande cha juu, ngazi mbili za kontua kutoka kwenye nyanya, kijana alikiacha hakilimwi. Si kikubwa, hatua kumi kwa tano hivi. Alimpeleka bibi akamuonyesha: hapa sipulizi, maji ya kule hayafiki, chuma hapa. Bibi alizunguka kipande chote, akachuma jani moja, akalinusa, akalitupa. Mwezi mzima hakurudi. Kijana akafikiri ameuza ardhi bure.

Wiki iliyopita nilipita pale kuangalia kitalu. Kishonanguo cha kile kipande kilikuwa kimedonolewa vizuri, vile vikonyo vya juu tu, kama mtu anavyochuma akiwa na nia ya kurudi. Na pembeni, bila kumuuliza mtu, kuna mkono umepanda mashina matatu ya mrehani.